Thuluthi Mbili za Abdi Ağa

Mtajie Mturuki riwaya ya İnce Memed, naye atakusimulia bunduki na milima ya Taurus. Mimi huanzia kwenye magunia.

Katika riwaya hii ya Yaşar Kemal, iliyotoka kama kitabu mwaka 1955 baada ya kusomwa kwa mfululizo katika gazeti la Cumhuriyet, kabaila Abdi Ağa anamiliki vijiji vitano. Kila mavuno huchukua thuluthi mbili: ukivuna magunia matatu, lako ni moja. Memed, mtoto asiye na baba, anapotoroka suluba ya kulima penye mbigili zinazomchanachana miguu, adhabu inamwangukia mama yake, Döne. Yeye anatozwa robo tatu. Majira ya baridi ghala likikauka, nafaka ya kukopa iko kwa Abdi huyo huyo. Ndiyo maana wanakijiji wananung'unika chini chini tu. Anayewapiga ndiye anayewalisha.

Mwandishi aliyajua haya kwa karibu. Kabla ya kupata jina, alikaa katika mji mdogo wa Kadirli akiwaandikia barua za malalamiko watu wasiojua kuandika. Nadhani ndiko alikojifunza kuhesabu dhuluma kwa vipimo.

Bunduki inaingia baadaye, Abdi anapotaka kumwoza Hatçe, mchumba wa Memed, kwa mpwa wake. Vijana wanatoroka, wanafuatwa, risasi zinalia. Mpwa anakufa, Abdi anapona. Memed anakimbilia milimani na kujiunga na genge la Deli Durdu, anayewavua wasafiri hadi nguo za ndani. (Wanaodhani Kemal anawatukuza majambazi tu wazisome tena kurasa hizo.) Memed anaona haya, anajitenga na genge hilo. Hasira yake ina anwani moja, na haiishii kwenye mtu tu: anataka ardhi iwe ya wanaoilima.

Gharama yake ni kubwa. Hatçe anafungwa, anatoroshwa, na baadaye anauawa kwa risasi milimani, muda mfupi baada ya kujifungua. Memed anateremka, anamuua Abdi, kisha anatoweka.

Kijijini hakuna anayesimamishiwa sanamu. Tangu hapo, kila mwaka kabla ya kulima, watu hucheza ngoma na kuzichoma mbigili kwanza, ndipo jembe lipite.