Jina la Marehemu Mlangoni mwa Shule: Nile Kinnick na Watoto wa Yokosuka

Katika mji wa Yokosuka, kusini ya Tokyo, mna kituo kikubwa cha wanamaji wa Marekani. Ndani ya kituo hicho imo shule ya sekondari iitwayo Nile C. Kinnick. Wanaosoma humo hasa ni watoto wa wanajeshi na wa watumishi wengine wa kituo. Masomo hufuata utaratibu wa Kimarekani, na shule iko chini ya Wizara ya Ulinzi ya nchi hiyo. Hapo awali ilikuwa Yokohama, kisha ikahamishiwa Yokosuka. Wanafunzi wengi hukaa miaka michache tu, kwani mzazi akihamishwa nao huondoka. Yafaa kuuliza jina wanaloondoka nalo ni la nani, tena lafundisha nini.

Nile Kinnick alizaliwa tarehe 9 Julai 1918 huko Adel, katika jimbo la Iowa. Babu yake mzaa mama, George W. Clarke, alikuwa amepata kuwa gavana wa jimbo hilo. Mwaka 1939, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Iowa, Kinnick alipewa tuzo ya Heisman, ambayo hutolewa kila mwaka kwa mchezaji bora wa vyuo katika mpira wa Kimarekani. Wakati huo Ulaya ilikuwa imekwisha kuingia vitani. Katika hotuba ya kuipokea tuzo, alimshukuru Mungu kwa kuwa alikuwa akipambana penye viwanja vya michezo vya Marekani ya kati, wala si penye viwanja vya vita vya Ulaya. Baada ya kuhitimu aliacha mchezo wa kulipwa, akaanza masomo ya sheria. Hata hivyo alijiandikisha katika kikosi cha akiba cha marubani wa wanamaji, akaanza kazi tarehe 4 Desemba 1941, siku 3 kabla ya Wajapani kushambulia Pearl Harbor.

Tarehe 2 Juni 1943 aliruka kutoka manowari Lexington, ya kubebea ndege, katika Ghuba ya Paria, karibu na Venezuela. Ilikuwa safari ya mazoezi. Injini ya ndege yake ilivuja mafuta. Sitaha ya manowari ilikuwa imejaa ndege zilizongoja kuruka, naye akatua baharini. Waokoaji walipofika hawakumwona, na maiti yake haikupatikana kamwe. Alikuwa na umri wa miaka 24.

Hapa lugha yataka uangalifu. Kiswahili chatofautisha shujaa, yaani mtu aliyeonyesha ujasiri, na aliyejitoa mhanga kwa ajili ya wengine. Tena chasema juu ya mtu kwamba amefia kazini. Kinnick hakuuawa na adui, wala hakushinda pambano lolote la silaha. Kifo peke yake hakitoshi kumfanya mtu kuwa shujaa wa vita. Ushujaa wake, kwa wanaomsifu, umo katika kuyaacha kwa hiari maisha aliyokwisha kuyapata, ilhali alikuwa ametamka wazi kwamba hakuvitamani vita.

Jina hilo lina upande wa pili. Baada ya 1945, Wamarekani walipoikalia Japani, uwanja wa michezo wa Meiji mjini Tokyo nao uliitwa Nile Kinnick. Katika uwanja uo huo, tarehe 21 Oktoba 1943, miezi isiyotimia 5 baada ya kifo chake, maelfu ya wanafunzi wa vyuo vya Japani walipangwa kwa gwaride chini ya mvua, wakaagwa kwenda vitani. Wao pia walitolewa vitabuni, na wengi hawakurudi. Mahali walipoagwa palikuja kubeba jina la mwanafunzi wa upande wa pili.

Desturi hii si ngeni kwa Wakongomani. Kambi Léopold II ya Kinshasa iliitwa Kokolo, kwa jina la Kanali Kokolo, aliyeuawa Novemba 1960 katika mapigano na askari wa Umoja wa Mataifa penye ubalozi wa Ghana. Jina likizoeleka sana huwa anwani tu, na habari ya mwenyewe ikasahauliwa. Ndiyo maana kazi ya mwalimu katika shule ya namna hiyo haiishi katika kulisifu jina. Yampasa awaeleze watoto mtu huyo alikufaje, nani walikufa wakati huo huo upande wa pili, na nani aliyechagua jina liandikwe mlangoni.