Kutoka Chungu Hadi Kanuni

Mwaka 1928, mwanamke aliyewahi kutembeza vyungu Unguja akivinadi kwa sauti alifika Bombay, India, akaimba mbele ya mashine ya kurekodi. Sahani za santuri zilizotoka huko zilisambaa Afrika Mashariki, na Siti binti Saad akawa mwimbaji wa kwanza mwanamke wa ukanda huu kusikika kwenye santuri.

Alizaliwa Fumba, kisiwani Unguja, yapata mwaka 1880, katika familia yenye asili ya utumwa. Jina alilopewa utotoni lilikuwa Mtumwa. Ufinyanzi aliupata kwa mama yake, na sauti aliyoitumia kunadia vyungu ndiyo iliyokuja kumtoa kimaisha. Mwaka 1911 alihamia mjini, na huko mwanamuziki Muhsin Ali alimfundisha uimbaji wa taarab.

Taarab ya siku hizo ilikuwa na harufu ya ikulu. Sultani Barghash alikuwa amemtuma Mohamed Ibrahim kwenda Misri kujifunza kanuni, ala yenye nyuzi nyingi inayolazwa mapajani, na nyimbo ziliimbwa kwa Kiarabu. Siti aliimba kwa Kiswahili. Mchukuzi na mpishi wa mtaa wa Ng'ambo wakaielewa taarab kama alivyoielewa bwana mkubwa, tena wakajisikia wenyewe ndani yake, maana kundi lake liliimba habari za mjini: mapenzi, ulaghai, hata dhuluma za mahakamani. Wimbo wa "Kijiti" ulitokana na mauaji ya kweli ya mwanamke mgeni aliyekuja kutembea Unguja.

Wapo waliomtungia maneno ya kumdhihaki kwa sura na asili yake. Aliwajibu kwa wimbo.

Alifariki mwaka 1950. Shaaban Robert aliandika wasifu wake, na Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania, TAMWA, kililiita jarida lake "Sauti ya Siti".

Miongoni mwa waliojifunza nyimbo za Siti kwa kumsikiliza ni binti wa muuza nazi wa Mfagimaringo, Fatuma binti Baraka, aliyejulikana duniani kama Bi Kidude. Huyu hakuishia kwenye sauti. Alikuwa kungwi, mfunzi wa wari katika unyago, na ngoma ya msondo aliipiga mwenyewe. Mambo ya unyago ni ya faraghani, baina ya wanawake. Bi Kidude alitoka na ngoma yake hadharani, akaipiga mbele ya wageni wa Ulaya bila kuona haya. Mwaka 2005 alitunukiwa tuzo ya WOMEX kwa mchango wake katika muziki.

Ndipo kamera ikamfuata. Filamu "As Old as My Tongue" ya Andy Jones, iliyotoka mwaka 2006, ilimwonyesha bibi huyu jukwaani na katika maisha yake ya kila siku Zanzibar. Uzito wa filamu hiyo unaonekana ukimkumbuka Siti: kwake tumebakiwa na santuri, picha chache na maandishi. Kwa Bi Kidude tunauona uso ukikunjana anapopandisha sauti, na mikono ikitua kwenye ngozi ya ngoma. Alipofariki tarehe 17 Aprili 2013, hata kijana ambaye hakuwahi kukanyaga Zanzibar aliweza kumtazama.

Hata hivyo, kwa miaka mingi sura ya kundi la taarab haikubadilika sana. Mwanamke alisimama mbele akaimba na kutunzwa. Nyuma yake fidla, udi na kanuni vilikuwa mikononi mwa wanaume. Mwandishi wa habari Mariam Hamdani aliugusa mpaka huo. Alijifunza kanuni, kisha akaanzisha Tausi, kundi la taarab ambalo wanawake ndio waimbaji na ndio wapigaji. Chuo cha muziki cha DCMA, kilichofunguliwa Mji Mkongwe mwaka 2002, nacho kimewapa wasichana mahali pa kujifunzia ala hizo.

Ala ile ile ambayo Barghash alimtuma mtu Misri kujifunza, kwa ajili ya starehe ya jumba la kifalme, leo imelala mapajani mwa wanawake wa Unguja, nao wanazikaza nyuzi zake kabla ya wimbo kuanza.