Folda iitwayo "na"

Je, wajua kwamba Tanzania kuna lugha ambayo mkwaju, ule mstari wa mshazari, ni herufi kamili? Panda Mbulu au teremka Hanang hadi Katesh. Wanaoandika Kiiraqw huutumia kwa sauti ya koo ambayo aliyepitia madrasa ataitambua mara moja: ni ain. Kwa hiyo watoto ni na/ii. Kiiraqw ni lugha ya Kikushi, na wasemaji wake ni jirani wa Wadatoga wenye lugha ya Kinailoti na Wahadzabe wa bonde la Yaeda, ambao lugha yao haina ndugu anayejulikana.

Mkwaju huo ulinitesa. Nilimpa msaidizi wa akili mnemba, wa aina ile inayoandika programu, kazi ya kutengeneza kamusi ndogo, kila neno na faili lake. Akamaliza upesi, akasema mambo safi. Kuhesabu, watoto hawapo! Nikawakuta ndani ya folda mpya iitwayo na, humo mna faili liitwalo ii. Kwa kompyuta, mkwaju ni mpaka kati ya folda na kilichomo. Isitoshe, alikuwa amenyofoa h moja ya tsiyahh, yaani nne, akidhani nimekosea kuchapa.

Dawa yake inaitwa stadi. Kampuni ya Anthropic ya Marekani ilizitangaza Oktoba 2025, na Desemba ikauweka utaratibu wake wazi ili wasaidizi wa kampuni nyingine wautumie. Ukisikia unadhani ni mtambo. Kumbe ni folda yenye angalau faili moja la maandishi, SKILL.md. Juu pana jina na maelezo, chini maagizo kwa lugha ya kawaida, hata Kiswahili. Msaidizi akianza kazi husoma jina na maelezo tu ya kila stadi. Maagizo huyafungua yanapohitajika. Ukiandika kwenye maelezo "kuhusu Kiiraqw" basi, huenda asiifungue kamwe. Mimi niliandika: "Tumia kila unapoandika neno la Kiiraqw, hasa katika jina la faili." Jina la stadi nalo lina masharti: herufi ndogo, tarakimu na vistari, lisizidi alama 64. Mkwaju marufuku. Nikacheka peke yangu.

Maagizo hayakufika nusu ukurasa. Ndani ya faili, neno libaki lilivyo. Kwenye jina la faili, weka 3 badala ya mkwaju, kama vijana wa Kiarabu wanavyoandika ain kwenye simu. Usiguse hh.

Zipo pia programu za kusimamia stadi: unataja unayoitaka, inaichota mtandaoni, inaiweka mahali pake, baadaye inaisasisha au kuiondoa. Cha kuamua ni mahali. Kwenye folda yako ya nyumbani, stadi itakufuata kila kazi. Ndani ya mradi, wenzako wataipata pamoja na mradi. Ila stadi inaweza kubeba vijiprogramu vinavyoendeshwa kwenye mashine yako, kwa hiyo ya mtu usiyemjua ifungue uisome yote kwanza. Mara nyingi kusoma huko hakumalizi hata kikombe cha chai.

Kamusi ikarudiwa. Mzee mmoja wa Dongobesh niliyemwonyesha orodha ya faili akaisogeza karibu na miwani.

"Mwanangu, hii tatu imefuata nini kwa watoto?"

Nikamfungulia faili. Akasoma na/ii kwa sauti, ain ikatoka kooni barabara.