Kiyoyozi cha Lori Kuukuu: Chama Kitengeneze Chenyewe au Kimwite Fundi?

Lori linunuliwalo na chama cha msingi likiwa limekwisha kutumika miaka mingi huja mara nyingi na kiyoyozi kisichotoa tena baridi. Hapo huzuka mjadala katika kamati. Dereva hulalamika, tena kwa haki, juu ya joto na vumbi la safari ndefu. Mweka hazina hutazama salio la benki. Na mjumbe mmoja husema kwamba gesi inauzwa madukani kwa makopo, na kwamba kazi yenyewe ni ya saa moja tu.

Uamuzi wa jambo hili hautegemei ujasiri wa mtu. Hutegemea swali moja: je, kazi itakiwayo italazimu kugusa gesi iliyomo ndani ya mabomba? Kazi isiyoigusa yaweza kufanywa na chama chenyewe. Kazi inayoigusa ni ya fundi aliyefunzwa na mwenye vyombo.

Namna kiyoyozi kinavyofanya kazi

Kiyoyozi huhamisha joto kutoka ndani ya chumba cha dereva na kulitupa nje. Kompresa, inayozungushwa na injini kwa mkanda, hukandamiza gesi. Gesi hiyo, ikiwa ya moto, hupita katika kondensa iliyo mbele ya rejeta, ambako hupoa na kuwa kiowevu. Kisha kiowevu hupenyezwa katika tundu jembamba, shinikizo hushuka, nacho huchemka na kurudi kuwa gesi nyuma ya dashibodi, huku kikinyonya joto la hewa inayompulizia dereva.

Mzunguko huo umefungwa pande zote. Gesi haiishi kama dizeli inavyoisha katika tangi. Ikipungua sana, maana yake kuna mahali inapovuja. Kwa hiyo kuongeza gesi bila kuziba uvujaji ni kumwaga fedha za wanachama hewani.

Kazi ambazo chama kinaweza kuzifanya

Kwanza itazamwe kama hewa inapuliza kwa nguvu. Isipopuliza, huenda fyuzi imeungua, feni imekufa, au kichujio cha hewa kimejaa vumbi. Hewa ikipuliza bila ubaridi, ukaguliwe mkanda wa kompresa kama umelegea au umekatika. Injini iwe imezimwa wakati wa kuushika. Kondensa iliyozibwa na vumbi na wadudu isafishwe kwa maji yasiyo na nguvu nyingi, injini ikiwa imepoa, ili mapezi yake membamba yasipinde. Katika lori kuukuu, hata valvu ya hita yaweza kuwa haifungi sawasawa, ikaruhusu maji ya moto ya injini kuharibu ubaridi wote.

Mafuta yaliyoganda na vumbi kwenye kiungo cha bomba ni dalili ya uvujaji. Tena, kompresa isipozunguka ingawa fyuzi ni nzima, yawezekana gesi imepungua na swichi ya ulinzi imeizuia, kwa kuwa gesi ndiyo inayochukua oili ya kulainishia kompresa. Dalili hizo zikionekana, kazi ya chama imekoma hapo.

Kazi ya fundi

Gesi aina ya R-134a, itumiwayo katika magari mengi, huchemka kwenye nyuzi 26 za Sentigredi chini ya sifuri. Ikimrukia mtu huweza kugandisha ngozi au kudhuru macho. Aidha, mabomba yakifunguliwa huingiza unyevu, ambao huzaa asidi na kula vyuma. Ndiyo sababu fundi hubadilisha kikaushio, hutoa hewa yote kwa pampu maalumu, kisha hupima gesi kwa mizani kulingana na uzito ulioandikwa kwenye kibandiko chini ya boneti.

Kibandiko hicho kisomwe kabla ya kununua chochote. Malori mengi ya kabla ya katikati ya miaka ya 1990 yalijengwa kwa gesi ya R-12, iliyopigwa marufuku kwa mujibu wa Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 kwa sababu huharibu tabaka la ozoni. Oili yake hailingani na ya R-134a, hivyo gesi hizo hazichanganywi. R-134a nayo huongeza joto la dunia, na katika mkutano wa Kigali, Rwanda, mwaka 2016, mataifa yalikubaliana kupunguza gesi za jamii yake hatua kwa hatua. Haifai kuiachia hewani. Wala gesi ya kupikia isitiwe badala yake, kwani ikivuja ndani ya chumba cha dereva, cheche moja yatosha kuleta moto.

Uamuzi wa kamati

Fundi aombwe makisio ya maandishi yanayotenganisha vipuri, gesi na ujira. Kisha gharama igawanywe kwa misimu ambayo lori linatazamiwa kuendelea kufanya kazi. Iwapo matengenezo ni shilingi 900,000 na lori limebakiza misimu miwili, kila msimu utabeba shilingi 450,000. Ikiwa breki, matairi au usukani vinangoja fedha hizo hizo, vitangulie bila mjadala.

Hata hivyo, joto la chumba cha dereva lisihesabiwe kuwa jambo la anasa. Dereva aliyechoshwa na joto huchelewa kuona hatari, na nyuma yake yamo mazao ya wanachama. Kamati ikiamua kutotengeneza, na ipange safari za alfajiri na mapumziko ya kutosha, ihakikishe madirisha yanafunguka, na dereva awe na maji ya kunywa. Uamuzi wowote utakaofikiwa uandikwe katika muhtasari pamoja na sababu zake, na makisio ya fundi yahifadhiwe katika jalada la gari, ili wanachama wakiuliza katika mkutano mkuu, katibu awe na la kuwaonyesha.