Mamalia: Ukoo Uliopewa Jina la Maziwa

Paukwa! Pakawa!

Sogeeni, wajukuu zangu, niwasimulie jina lililowakusanya nyangumi, popo, tembo na nyinyi wenyewe katika ukoo mmoja. Mmeshalikuta katika vitabu vya sayansi: mamalia.

Palikuwa na mtu nchini Uswidi, Carl Linnaeus, aliyezaliwa mwaka 1707. Alikuwa tabibu, kisha akafundisha Chuo Kikuu cha Uppsala. Kubwa alilolitaka maishani ni kuvipanga viumbe vyote, kila kimoja na wenzake. Mwaka 1735 akatoa kitabu chembamba, Systema Naturae. Humo ng'ombe, simba na panya aliwatia katika kundi aliloliita Quadrupedia, yaani wenye miguu minne.

Hapo ndipo taabu ilipoanza. Mjusi ana miguu minne, mbona aliachwa nje? Binadamu anatembea kwa miwili, mbona aliingizwa? Naye nyangumi, kwa kukosa miguu, aliwekwa pamoja na samaki. Lakini ni samaki gani huyo anayepanda juu kuvuta pumzi, mwenye damu ya joto, anayezaa mtoto na kumnyonyesha mle mle baharini?

Linnaeus hakung'ang'ania la zamani. Alikirekebisha kitabu chake miaka nenda rudi, hata toleo la kumi, la mwaka 1758, akalifuta jina Quadrupedia na kuandika Mammalia. Masikio yenu yatasikia "mama" humo, lakini asili yake ni neno la Kilatini mamma, maana yake titi. Tangu siku hiyo haikuhesabiwa tena miguu. Aliyenyonyesha aliingia, na nyangumi akatolewa kwa samaki.

Mtauliza: kwa nini maziwa? Mamalia wana nywele pia, na Linnaeus angeweza kuchagua jina la nywele. Basi jueni kwamba siku zile familia nyingi za kitajiri Ulaya ziliwapeleka watoto wachanga wakanyonyeshwe na wanawake wa kukodiwa. Linnaeus, baba wa watoto saba, alilichukia jambo hilo, na mwaka 1752 aliandika kulipinga. Wapo wanahistoria wanaoona kwamba hata jina Mammalia lilibeba fikra yake hiyo: kunyonyesha ni kazi ya heshima, tunayoshiriki na wanyama.

Sasa mtazameni nguva wa pwani yetu, anayekula majani ya bahari huko Lamu na karibu na delta ya Rufiji. Ana mkia mpana na hana miguu, kwa hiyo ukimwona kwa mbali utasema samaki. Lakini jike ana matiti mawili kifuani, karibu na mapezi yake. Tembo naye matiti yake yako kifuani, kati ya miguu ya mbele. Wala si ajabu, kwa maana wanasayansi wamethibitisha kwamba nguva na tembo wametoka katika mababu wamoja. Mwenye kuhesabu miguu asingeuona udugu huo.

Baadaye akatokea mnyama wa kulijaribu jina lenyewe. Huko Australia yuko kinyamadege, mwenye mdomo kama wa bata, tena hutaga mayai. Wataalamu wa Ulaya walibishana juu yake kwa miaka mingi. Jike hana hata chuchu! Lakini maziwa anayo: hutoka kwenye ngozi ya tumbo, na watoto huyalamba hapo. Basi naye ni mamalia, bila shaka yoyote.

Kwa hiyo, wajukuu zangu, mkikutana na mnyama msiyemjua, msidanganywe na mabawa, mkia wala makazi yake. Mwulizeni mnayemwamini swali moja: je, mama yake alimlea kwa maziwa? Jibu likiwa ndiyo, huyo ni wa ukoo wenu.