Ziwa letu juu ya ubao: tuchague udongo gani?

Sisi ni walimu wa darasa la tano, na mikono bado ina udongo. Tutawaeleza sababu.

Muhula uliopita tuliwaomba wanafunzi wachore Ziwa Tanganyika. Wengi wao wamezaliwa hapa kambini, Kasulu, na ziwa hawajaliona hata siku moja. Basi wengine wakachora duara kama bwawa. Tukaona aibu, kwa sababu wazazi wao wamelivuka ziwa hilo kuja huku. Tukaamua kutengeneza mfano wake juu ya ubao, na milima yake, ili siku ya wazazi kila mtoto aonyeshwe kwao ni wapi. Mara ya kwanza kazi ilitushinda. Tunaandika ili wengine wasipoteze nguvu kama sisi.

KWANZA VIPIMO

Ziwa lina urefu wa kilomita 673 hivi, na ubao wetu una mita 1. Tukapanga sentimita 1 iwe kilomita 7. Ziwa likatoka sentimita 96, na upana wake pale palipo papana zaidi, kilomita 72 hivi, ukawa sentimita 10 tu. Watoto wakacheka: kumbe ziwa letu ni refu kama muhogo!

Kina ndicho kilitusumbua. Ziwa linashuka mpaka mita 1,470, ni la pili duniani baada ya Baikal la Urusi. Lakini kwa kipimo chetu hiyo ni milimita 2 tu. Milima iliyo juu ya Uvira nayo, inayopita mita 2,000 juu ya maji ya ziwa, ingekuwa milimita 3, mtu asiione. Kwa hiyo vimo na vina tulizidisha mara 10: shimo sentimita 2, milima sentimita 3. Tumeandika hivyo pembeni ya ubao ili mgeni asidanganyike.

UDONGO MTUPU HAUFAI

Mara ya kwanza tulichukua udongo wa mfinyanzi kutoka bondeni, tukaumwaga mzito juu ya kipande cha boksi, tukauanika juani. Siku ya tatu ulipasuka kutoka Uvira mpaka Kalemie, na boksi likapinda kama jani kavu. Wanafunzi wawili walilia.

Mama mmoja anayefinyanga vyungu alitufundisha. Udongo huo unakunywa maji mengi, na ukikauka unasinyaa. Juani, juu hukauka haraka na chini bado mbichi, ndiyo maana unapasuka. Dawa yake ni kuchanganya na kitu kisichosinyaa, kama mchanga au vigae vilivyotwangwa, kupaka tabaka nyembamba, na kukausha kivulini pole pole.

TULIVYOCHAGUA SAFARI YA PILI

Chini tuliweka ubao wa mbao, tukaupigilia papi mbili kwa nyuma usipinde. Juu yake tukabandika vipande vya boksi, kimoja juu ya kingine, ili nchi kavu iinuke na ziwa libaki shimo. Boksi ni jepesi. Ule wa kwanza ulibebwa na vijana wanne, huu unabebwa na wawili.

Milima tuliijenga kwa karatasi kuukuu zilizolowekwa usiku kucha, zikatwangwa na kukamuliwa. Juu ya karatasi tulipaka udongo uliochanganywa na mchanga na unga wa mbao kutoka kwa fundi seremala. Unga wa mbao unapunguza uzito.

Mchanga lazima uchekechwe. Tulipiga hesabu na watoto: punje ya milimita 1 kwenye ubao wetu ni sawa na mita 700. Hiyo si mchanga tena, ni kilima! Tuliuchekecha mara mbili kwa kitambaa chepesi.

Gundi ndiyo iliyotupa mawazo. Uji wa unga unashika vizuri, lakini unga wa mgao ni chakula. Mtoto mmoja alileta kikombe kutoka nyumbani kwao, tukamrudisha nacho. Hatuwezi kujenga mlima kwa ugali wa wadogo zake. Baadaye tukaomba ule unga uliomwagika chini siku ya mgao, uliochanganyika na mchanga na ambao haulиki tena. Kwetu mchanga si tatizo, ndio tunaoutaka.

Rangi hatukununua, isipokuwa bluu ya kufulia kwa ajili ya maji. Mashamba ni majani makavu yaliyosagwa, barabara ni majivu, na udongo mwekundu tunao kila mahali.

BIBI NA RASI YAKE

Siku ya wazazi bibi mmoja wa Fizi alisimama mbele ya ubao muda mrefu, akauliza Ubwari tumeipeleka wapi. Kweli, ile rasi ndefu karibu na Baraka tuliisahau kabisa! Hapo ndipo alipozaliwa. Mjukuu wake, aliyejenga upande ule, aliinamisha kichwa.

Kumbe udongo unasamehe. Tulikwaruza pale palipokauka, tukapalowesha, tukaongeza udongo mpya mwembamba. Bibi aliuelekeza mkono wa mjukuu mpaka rasi ikakaa sawa. Watoto wa Burundi nao wakadai Rumonge ipate alama yake, wakapewa.

Ubao uko darasani kwetu. Upande wa kusini, kuelekea Mpulungu, Zambia, bado hatujaupaka rangi. Wazazi mliovua samaki au kufanya biashara huko, njooni mtuonyeshe tulipokosea kabla haujakauka.