Mwizi wa Mavuno Aliyemo Ndani ya Simu

Wiki iliyopita tulizungumza habari za kuhifadhi mahindi ghalani. Leo tunaendelea na ulinzi huo huo wa mavuno, ila si ulinzi wa gunia. Ni ulinzi wa hela ya gunia, ile inayoingia kwenye simu ukishauza.

Sisi mabwana shamba tukitaka kuzuia mdudu huanza na tabia zake: anaingilia wapi, anapenda nini, anaacha alama gani. Tapeli wa simu naye tumtazame hivyo hivyo.

Nianze na kisa changu, wala sioni haya. Msimu mmoja nilikuwa na deni la mwenye lori aliyenibebea mahindi. Tulikubaliana nimtumie hela yake jioni. Saa tisa ukaingia ujumbe ukisema ile hela niitume kwenye namba nyingine, kwani ile ya kwanza ina matatizo. Sikuuliza. Nikatuma shilingi 180,000. Jina lililotokea halikuwa la mwenye lori, nami nikajisemea labda ni la mkewe. Saa mbili usiku mwenye lori akapiga: "Bwana shamba, mbona kimya?" Basi miguu ikaniisha nguvu. Jasho la miezi mitano nilimpa mtu nisiyemjua, tena kwa mkono wangu mwenyewe.

Sasa utauliza, tapeli alijuaje kama nadaiwa? Hakujua. Ujumbe ule hupelekwa kwa watu wengi bila kuchagua. Kati yao hawakosi wawili watatu ambao siku hiyo wana mtu wa kumtumia hela. Anatupa wavu tu. Samaki huingia wenyewe. Ndiyo maana ujumbe haukutaja jina langu wala kiasi cha deni.

NJIA ANAZOPITIA

Kwanza, hela iliyokosewa. Unapata ujumbe kwamba umepokea fedha, halafu mtu anapiga analia: "Mama, nimekosea namba, nirudishie, mtoto yuko hospitali." Usirudishe. Tazama salio lako kwanza. Mara nyingi hakuna kilichoingia. Ujumbe aliuandika yeye kwa simu yake. Na kama fedha imeingia kweli, mwambie awasiliane na kampuni yake ya simu irudishwe kwa utaratibu.

Pili, mhudumu wa uongo. Anajidai ni mtu wa kampuni ya simu, anasema laini yako itafungwa leo, taja namba ya siri au bonyeza tarakimu fulani. Hapa Tanzania namba ya huduma kwa wateja ya makampuni ya simu ni 100. Anayepiga kwa namba ya kawaida na kudai ni mhudumu, mkatie. Na namba ya siri haitajwi kwa mtu yeyote, awe mhudumu, askari au bwana shamba.

Tatu, pembejeo na mikopo. Serikali ilipoanza ruzuku ya mbolea msimu wa 2022/2023, wakulima walianza kuandikishwa ili waipate. Palipo na orodha ya watu wanaosubiri kitu, tapeli naye yupo. Atakwambia jina lako limekatwa, lipa ada lirudishwe. Au atakuletea kwenye intaneti ukurasa wenye nembo nzuri, ubonyeze, ujaze namba ya simu na namba ya siri. Nembo hunakiliwa, ndugu mkulima, kama vile gunia la mbegu bandia linavyopigwa chapa ya mbegu halisi. Kabla ya kujaza chochote nenda ofisi ya kijiji ukaulize.

Nne, rafiki asiye rafiki. Mwenzako wa kikundi anakuandikia kwenye WhatsApp: "Nimekutumia tarakimu sita kwa makosa, nisomee." Ukimsomea, umempa ufunguo. WhatsApp yako itafunguka kwenye simu yake, naye ataanza kukopa kwa jina lako kwa watu wanaokuheshimu. Na huyo mwenzako aliyekuandikia, huenda naye alishaibiwa vivyo hivyo jana.

KAMBA ANAZOTUFUNGIA

Ukizitazama njia hizi zote utaona kamba ni zile zile: haraka, hofu, tamaa na huruma. Anataka utende kabla hujafikiri. Kwa hiyo dawa ya kwanza ni kuchelewa. Weka simu chini, kunywa maji, kisha umpigie mwenye shida kwa namba uliyokuwa nayo zamani, si ile iliyoletwa na ujumbe. Mimi ningempigia mwenye lori, ningetumia dakika moja na mahindi yangu yangepona.

Dawa ya pili ni jina. Kabla fedha haijaondoka, simu hukuonyesha jina la mpokeaji. Lisome. Likiwa geni, acha.

Dawa ya tatu ni ya kikundi. Wekeni sharti kwamba hakuna hela ya kikundi inayotumwa kwa ujumbe peke yake. Lazima sauti ya mtu isikike, na viongozi wawili wajue.

UKISHAIBIWA

Usikae na aibu; aibu yako ndiyo maficho ya mwizi. Piga 100 papo hapo, ueleze, maana fedha ambayo haijatolewa kwa wakala inaweza kuzuiwa. Mimi nilipiga kesho yake asubuhi, nikakuta imeshatolewa. Usifute ujumbe wala namba, kwani huo ni ushahidi. Nenda polisi, Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu mwaka 2015. Ujumbe wa kitapeli upeleke kwenye namba 15040, pamoja na namba iliyoutuma. Na kwa kubonyeza *106# utaona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukiona usiyoijua, katoe taarifa.

Haya, ndugu mkulima. Leo jioni kabla ya kulala msimulie haya mzee na kijana wa nyumbani kwako, hasa yule anayeshika simu ya mauzo. Ghala tumelipiga dawa. Simu nayo tuilinde. Kwaherini mpaka wiki ijayo.